Taishan walioichonga ni nani?

Bwana Mhariri,

Makala yenu juu ya mlima Taishan wa China niliwasomea kwa sauti vijana ninaofanya nao kazi ya kuchonga mawe ya volkano hapa Majengo, mtaa wa Goma, Congo. Mmesifu mawingu, misonobari na wafalme. Sawa. Lakini zile ngazi za mawe, zaidi ya 6,000, hakuna mfalme aliyezichonga.

Jiwe letu la Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu, lina matundu. Ukijua pa kuligonga, linakutii. Mwamba wa Taishan ni mgumu, una umri wa miaka kama bilioni mbili na nusu, na watu waliukalia na patasi zao. Katika bonde moja la mlima ule walichonga maandiko ya Kibudha, karne ya 6, kila herufi karibu nusu mita. Zaidi ya 1,000 bado zipo. Mfalme Xuanzong wa ukoo wa Tang alipanda kutoa sadaka mwaka 725. Mwaka uliofuata maneno yake yakajaza ukuta wa mwamba wenye kimo cha mita 13 hivi. Jina la mfalme mmetupa, fundi hamkumtaja. Kijana wangu mmoja akauliza kama walilipwa.

Na wapagazi je? Hata baada ya gari la waya kuanza kupandisha wageni mwaka 1983, waliendelea kubeba vyakula na vifaa vya ujenzi kwa mzega begani, ngazi kwa ngazi. Watu wetu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wangeelewana nao bila mkalimani.

Tena mliandika “mlima mrefu”. Mrefu wapi? Kilele chake ni mita 1,545 juu ya bahari, karibu sawa na barabara za Goma, na Nyiragongo ni 3,470! Heshima ya Taishan imetoka kwa mikono ya watu. Ndiyo maana mwaka 1987 UNESCO iliuorodhesha kwa maumbile yake na kwa kazi ya binadamu pia. Hifadhi yetu ya Virunga, tangu 1979, imeorodheshwa kwa maumbile peke yake.

Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani. Ile ya Mei 2021 ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji. Tumeshajenga juu yake, na watoto wa leo hawawezi kukuonyesha ilipopita. Wakubwa wa mji waagize jiwe moja kila mahali lava ilipokatiza barabara, lichongwe mwaka na jina la kartie, yaani mtaa. Aliyelichonga aweke na jina lake chini, hata kwa herufi ndogo. Sisi tuko tayari. Malipo tutaongea, patasi zije kwanza, maana hizi za sokoni zinapinda.

Fundi mawe,
Majengo, Goma