Risala ya Waamini wa Kigango kwa Mgeni Rasmi, Sikukuu ya Mtakatifu Otilia, Somo Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Baba Paroko,
Waheshimiwa viongozi wa Kata na Kijiji,
Masista, Katekista na wazee wa Kanisa,
Akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), vijana na watoto,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Barabara kutoka lami hadi hapa umeiona mwenyewe, tena katika mvua hizi za Disemba. Ungeweza kugeuza gari pale kwenye daraja la magogo, na kila mtu angekuelewa. Hukugeuza, ukashuka ukavuka kwa miguu. Waamini wote wamelisikia hilo kabla hujafika kanisani, na ndiyo maana mapokezi yako yamekuwa ya shangwe namna ile. Karibu sana.

Ratiba ni fupi, kwa hiyo habari za somo wetu, yaani mtakatifu msimamizi wa kigango chetu, tutazieleza kwa haraka, ila tunaomba uzisikilize, kwani ombi letu limo ndani yake.

Mtakatifu Otilia, ambaye wengine humwita Odilia, alizaliwa karibu mwaka 660 katika nchi ya Alsace, ambayo leo iko mashariki mwa Ufaransa, kando ya mto Rhine. Baba yake, Adalric, alikuwa mtawala wa nchi hiyo. Mama yake aliitwa Bereswinda. Wasifu wake ulioandikwa karne ya 10 unasimulia kwamba mtoto alizaliwa kipofu. Adalric alikuwa akingoja mrithi, akaona ameaibishwa mbele ya wakubwa wenzake, akaamuru mtoto auawe. Mama ndiye aliyemwokoa. Alimkabidhi kwa yaya, yaya akamficha, na mwishowe mtoto akapelekwa mbali, kwenye monasteri ya watawa wa kike waliomlea bila kujali ni mtoto wa nani wala macho yake yakoje.

Alipofikia umri wa miaka 12 hivi, Askofu Erhard wa Regensburg alifika kumbatiza. Alipompaka krisma, yaani mafuta matakatifu, machoni, macho yakafunguka. Tangu siku hiyo jina la Otilia likaunganishwa na macho, na watu wenye shida ya kuona wamemkimbilia kwa zaidi ya miaka 1,200.

Kurudi nyumbani hakukuwa rahisi. Kaka yake Hugo alipomrudisha bila ruhusa, Adalric alimpiga kijana huyo kwa hasira hadi akafa. Baadaye alitaka kumwoza binti kwa nguvu, naye akakimbia akavuka Rhine, na mapokeo yanasema mwamba ulifunguka ukamficha asionekane na wale waliokuwa wakimfuata. Lakini baba huyu alibadilika, Mheshimiwa, na hapa tunaomba tukae kidogo. Adalric alichelewa sana kumtambua mtoto wake. Alipomtambua, hakumpa maneno. Alimpa ngome yake ya Hohenburg, juu ya mlima unaopita mita 760, pamoja na mashamba ya kuitunza, na Otilia akaigeuza kuwa monasteri. Baba alipofariki, binti alimlilia na kumwombea muda mrefu, na hadi leo juu ya mlima ule kipo Kikanisa cha Machozi.

Kazi iliyofuata ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Otilia aliona kuwa wagonjwa, wazee na mahujaji waliochoka hawawezi kuupanda mlima. Hakuwaambia wajitahidi. Alijenga nyumba ya pili chini, Niedermünster, yenye mahali pa kuwahudumia wagonjwa na maskini, yeye akawa anashuka. Na njiani, mapokeo yanasema, alimkuta mtu dhaifu amezidiwa na kiu, akagonga mwamba kwa fimbo yake na maji yakatoka. Chemchemi hiyo ipo. Mahujaji huinama wakanawa macho hapo.

Otilia alifariki tarehe 13 Disemba, karibu mwaka 720. Kaisari Karoli wa IV alilizuru kaburi lake mwaka 1354. Moto wa mwaka 1546 uliteketeza monasteri, ikajengwa tena, Mapinduzi ya Ufaransa yakaiondoa mikononi mwa Kanisa, na mwaka 1853 Jimbo la Strasbourg likainunua upya. Tangu mwaka 1931 waamini wanapokezana kule kuabudu Ekaristi usiku na mchana. Papa Yohane Paulo wa II alikwenda mwenyewe mwaka 1988. Otilia ni msimamizi wa Alsace nzima, naye anashiriki tarehe ya leo na Mtakatifu Lusia, somo mwingine wa wenye shida ya macho.

Mgeni anaweza kuuliza sisi watu wa kusini mwa Tanzania tunahusikaje na mlima wa Ufaransa. Mwaka 1887, shirika la wamisionari Wabenediktini lililoanzishwa na Padre Andreas Amrhein lilihamia kijiji cha Emming huko Bavaria, ambako palikuwa na kikanisa cha hija cha Mtakatifu Otilia. Nyumba yao ikachukua jina lake, St. Ottilien. Kutoka hapo walikuja Pugu mwaka 1888. Misheni ile iliteketezwa Januari 1889 na watatu kati yao wakauawa, lakini wenzao walirudi, wakafika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Bibi zetu wakabatizwa kwa majina ya Otilia na Odilia. Hata leo katika kwaya hii ukiita jina hilo, wataitika zaidi ya mmoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa maombezi ya somo wetu kigango kimepiga hatua kubwa. Kwaya yetu imeshika nafasi ya pili katika mashindano ya parokia, na wengi waliokuwepo wanakubali kwamba nafasi ya kwanza haikuwa mbali. Kanisa limepata sakafu ya saruji kuanzia altareni hadi katikati. Akina mama wana kikoba chao, wamenunua cherehani, na sare walizovaa leo wamezishona wenyewe. Na sanamu unayoiona mkono wako wa kulia imechongwa kwa mninga na kijana wa hapahapa, ambaye hakwenda chuo chochote. Otilia amevaa vazi la mama abasi, yaani mkuu wa monasteri, ameshika kitabu, na juu ya kitabu yako macho mawili, kama anavyochongwa Ulaya. Tunaamini hakuna kigango jirani chenye kazi ya mkono kama hiyo.

Sasa tunaomba tuseme lililotufanya tukualike.

Macho yale juu ya kitabu si pambo kwetu. Katika vijiji vyetu ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, haujaisha. Unaanza utotoni, mtoto akiwa na tongo na inzi wakitembea kutoka uso mmoja hadi mwingine. Unapita kwa mikono na kwa upindo wa kanga ambao mama anafutia watoto watatu. Ukirudi tena na tena kwa miaka, kope la juu hujikunja kwa ndani na nywele zake zinakwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wapo akina mama kanisani humu wanaong'oana kope kwa kibanio kila Jumapili kabla ya Misa ili waweze kuvumilia mwanga. Yupo bibi anayeshikwa mkono na mjukuu kwenda kila mahali, na saa ambazo mjukuu anamshika mkono ni saa ambazo wenzake wako darasani.

Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofuka kwa trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio wanaoshinda na watoto. Tiba inajulikana, nayo ina sehemu nne: upasuaji wa kope kwa walioathirika, dawa ya azithromaisini inayogawiwa kijiji kizima, kunawa uso, na usafi wa mazingira. Dawa tumeimeza, na wahudumu wa afya waliotembea nyumba kwa nyumba kutugawia tunawashukuru kwa moyo wote. Wapo waliofanyiwa upasuaji na wanaona. Lakini sehemu ya tatu inahitaji maji. Dawa inaua vijidudu vilivyopo leo, na uso usionawishwa unavipokea vingine kesho.

Maji yetu yako mtoni, Mheshimiwa. Kiangazi akina mama wanaondoka kabla ya alfajiri wakafukue mchanga na kusubiri shimo lijae. Ndoo ya kichwani ikifika nyumbani, inagawanywa kwa chakula, kunywa na mgonjwa. Mwalimu wa afya anapotuambia tuwanawishe watoto nyuso mara kwa mara, tunamsikia na tunamwamini. Tunaangalia ndoo, tunamjibu ndiyo, na mtoto anakwenda shuleni na tongo zake.

Hili tumelieleza kwa wageni waliokutangulia katika sikukuu hii. Wa kwanza alituahidi kisima kirefu, na tunasema wazi kwamba mashine ililetwa. Ilichimba, maji yakapatikana, yakaruka juu mbele ya watoto wa shule. Kisha mdomo wa bomba ukafungwa kwa kifuniko cha chuma na mafundi wakaondoka, tukiambiwa pampu inafuata. Mgeni aliyefuata alitangaza hapa mbele ya altare kwamba pampu ingefungwa kabla ya Pasaka. Pasaka ilipita, tukadhani labda ni ile nyingine. Aliyefuata alituomba jalada lenye barua zetu zote ili alifuatilie ngazi za juu, akaondoka nalo, na hadi leo hatujaliona jalada wala yeye. Kwa bahati nzuri Katekista alikuwa ametunza nakala.

Tunayasema haya kwa heshima zote. Akina mama waliopiga vigelegele siku ile ndio waliokupigia wewe leo asubuhi, na wanakumbuka kila neno lililosemwa. Ahadi isiyotimizwa ina gharama kwetu. Kikoba kilipotaka kuchangisha fedha za pampu, baadhi ya wazee walisema hakuna haja kwani Serikali imeshaahidi, tukapoteza msimu mzima wa korosho tukingoja. Safari hii hatukungoja. Tumechangishana baada ya mavuno, na robo ya gharama ipo benki, stakabadhi tumeambatanisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunachokuomba ni hiki. Tunaomba pampu ya kuzama inayotumia umeme wa jua pamoja na sola zake, kwa sababu gridi haijafika na dizeli hatutaimudu. Tunaomba tenki la lita 5,000 na mnara wa kuliweka, na mabomba ya kufikisha maji kwenye vilula viwili, kimoja zahanati na kingine shule ya msingi, pale ambapo watoto wanaweza kunawa nyuso kabla ya kengele. Mitaro tutachimba sisi. Mchanga na kokoto tumeshasomba, lundo ulilopita getini ndilo hilo. Vijana wawili wako tayari kufundishwa ufundi wa pampu, na kamati ya watumia maji imeshachaguliwa, wengi wao wakiwa wanawake, ambao ndio wanaojua uzito wa ndoo. Makadirio ya fundi yamo katika bahasha utakayokabidhiwa.

Tunaomba pia, kwa uzito mdogo zaidi, utuombee kwa wanaohusika timu ya madaktari wa macho ifike zahanati yetu walau mara moja kwa mwaka. Wale ambao kope zao zimeshajikunja hawawezi kusubiri maji. Nauli ya kwenda hospitali ya mkoa na kurudi, pamoja na msindikizaji, ni fedha ambayo bibi asiyeona hana pa kuitoa. Somo wetu aliwashukia wagonjwa chini ya mlima. Tunaomba huduma ya macho nayo ishuke.

Ombi la mwisho linaweza kuonekana geni katika risala, ila tumelijadili kwenye halmashauri na tumekubaliana lisomwe. Ikiwa utapenda kutuahidi kitu leo, tunaomba ahadi hiyo iwe na tarehe. Katibu amekaa karibu nawe na kitabu cha matukio ya kigango, ataiandika kama utakavyoitamka, nawe utaweka sahihi, na Baba Paroko ataweka yake. Kama liko jambo usiloweza, tuambie vilevile kwamba huliwezi. Tutakushukuru kwa hilo kwa moyo uleule, na fedha zetu tutajua tuzipeleke wapi kabla ya msimu ujao.

Baada ya chakula tunaomba dakika 20 za muda wako utembee nasi hadi kisimani. Ni nyuma ya zahanati, hapahitaji gari. Ufunguo wa kifuniko anao Mwenyekiti wa kijiji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Mtakatifu Otilia, utuombee.

Imeandaliwa na Kamati ya Maandalizi ya Sikukuu ya Somo na kusomwa na Katibu kwa niaba ya waamini wote wa kigango.