Barua kwa Mwanangu Kabla ya Kwenda Kuvua Tautogi

Providence, Rhode Island

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, ila baridi imekwisha kuanza kuuma na miti ya mtaani kwetu imebaki matawi matupu. Nilifurahi sana uliponiambia kwa simu kwamba mapumziko ya Thanksgiving, ile sikukuu ya shukrani ya Wamarekani ya mwishoni mwa Novemba, utakuja kuyamalizia nyumbani na kwamba ungependa twende baharini pamoja. Nimekwisha kulipia nafasi zetu mbili katika boti ndogo ya kukodi inayotoka bandari ya Galilee, hapa hapa Rhode Island. Kwa kuwa hujawahi kumvua tautogi, nimeona nikuandikie mapema yale ambayo siku yenyewe, kwa upepo na ngurumo za injini, sitapata nafasi ya kukueleza.

Tautogi ni samaki wa miambani. Watu wa Connecticut na New York humwita samaki mweusi kwa rangi yake, na humkuti kwenye mchanga mtupu. Makao yake ni majabali, nguzo za magati na meli zilizozama, mahali penye kome na kaa, kwa maana hicho ndicho chakula chake. Tukimpata wa kwanza, mfunue mdomo umtazame vizuri. Utaona midomo minene, meno ya mbele yaliyojitokeza, ambayo kwayo hung'oa kome jiweni, na ndani kabisa kooni ana meno mengine mapana ya kusagia magamba. Wataalamu wa leo wanamhesabu katika ukoo mmoja na pono wa kwetu Tanga, na usingizi wake nao ni wa pono hasa: jua likitua huingia katika ufa wa mwamba na kulala mpaka kupambazuke, ndiyo maana huvuliwa mchana.

Majira haya ya kupukutika majani ndiyo yake. Mwanzoni mwa Oktoba huwa bado yuko karibu na ufuko, pengine katika pima mbili au tatu za maji (pima moja ni karibu mita mbili), lakini kadiri bahari inavyopoa ndivyo anavyosogea kwenye kina, huku akila kwa pupa, kwa sababu baridi kali ikishafika atatulia chini kama aliyezimia na hatajali chambo cha mtu. Wiki utakayokuja wewe, nahodha atatupeleka zaidi kwenye pima sita hadi kumi, katika miamba ya nje ya rasi ya Point Judith au upande wa mji wa Newport.

Boti za namna hii haziruhusiwi na sheria ya Marekani kuchukua zaidi ya abiria sita wanaolipa, nami nazipendelea kuliko zile kubwa za watu wengi, kwa kuwa kazi ngumu ya siku hufanywa na nahodha kabla hatujatosa mishipi. Hushusha nanga, mara nyingine mbili, akaikaza au kuilegeza kamba mpaka boti ikae juu ya jabali lenyewe. Tukikosea kwa mita chache tu, tutashinda tunaosha chambo. Kwa hiyo akiamuru mishipi ipandishwe ili tuhame, usinung'unike wala usichelewe.

Chambo chetu ni kaa wa kijani. Asili yake ni Ulaya; alifika pwani hizi katika karne ya 19, na tangu hapo amekuwa msumbufu anayekula chaza na kombe wachanga, kwa hiyo kumtumia hakumpunguzii mtu riziki. Mng'oe magando na miguu, mkate katikati kwa mkasi, kisha pitisha ndoana katika tundu la mguu mmoja itokeze katika tundu la mwingine, ncha ikiwa wazi. Ukiacha miguu, samaki atashika mguu tu na kukuachia ndoana.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo wageni wengi wanapomkosa. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, ikigusa mwamba, kaza mshipi na utulize mkono. Kwanza utasikia kugongwagongwa kidogo, ko-ko-ko. Huyo bado anampasua kaa kwa meno ya mbele, na ukivuta wakati huo utapandisha ndoana tupu. Subiri mpaka mshipi uwe mzito, kama kwamba kuna anayeondoka nao, ndipo uinue ufito wa kuvulia kwa nguvu na kukunja mshipi haraka bila kusita. Nia yake ni kurudi pangoni mwake. Akifika tu, mshipi utakatwa na jabali. Zile sekunde chache za mwanzo ndizo zinazoamua.

Sheria za Rhode Island ziko wazi. Tautogi asiyefika inchi 16 hurudishwa majini, na kwa siku mtu haruhusiwi kuchukua zaidi ya mmoja aliyepita inchi 21. Mimi nakuomba hata huyo mmoja tumwachie. Samaki huyu hukua polepole mno na anaweza kuishi zaidi ya miaka 30. Jike kubwa hutaga mayai mengi zaidi sana kuliko jike dogo, na mwamba ukishamalizwa hujazwa tena kwa miaka, si kwa miezi. Wako wanaomvua kwa magendo ili auzwe akiwa hai katika masoko ya mjini, hata ikabidi kuanzia mwaka 2020 samaki wa biashara awe anabanwa kibandiko cha chuma kwenye kifuniko cha matamvua. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimeona jabali lililokuwa na samaki likiwa halina kitu. Wawili watatu wa inchi 17 au 18 watatutosha kabisa, na nyama yao ni nyororo kuliko ya mkubwa.

Nyama hiyo ni nyeupe na imeshikamana, haivurugiki chunguni. Ngozi ni nene, yenye utelezi mwingi, kwa hiyo tutaichuna. Mama yako ameniagiza nimwachie vichwa kwa ajili ya supu; minofu ataipaka tui zito la nazi, ndimu na pilipili baada ya kuichoma.

Njoo na soksi za sufu, koti lisilopenya maji na glavu za ziada, kwani zile za kwanza zitalowa kabla ya saa tatu. Usiku wa kuamkia safari ulale mapema. Boti inaondoka saa kumi na mbili alfajiri, na kutoka hapa hadi Galilee tunahitaji karibu saa nzima barabarani.

Akupendaye,
Baba yako