Mashine ya kumaini bitcoin sio kompyuta, vijana waambiwe ukweli

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma. Mdogo wangu hapa Mbagala kauziwa Antminer S9 iliyotumika, mashine ya kumaini (kuchimba) bitcoin, ile pesa ya kidijitali ya mtandaoni, akaambiwa we chomeka tu pesa zinaingia ukiwa umelala. Wiki ya kwanza luku ikakata mara tatu, mama akadhani friji ndo limeharibika.

Wengi wanadhani ile ni kompyuta yenye nguvu sana. Hapana jamani. Ndani kuna bodi tatu zenye jumla ya chipu 189, na kila chipu inajua kazi moja tu, kupiga hesabu inaitwa SHA-256. Yaani inachukua fungu la miamala ya bitcoin, inaongeza namba, inapiga hesabu, jibu lisipokuwa dogo vya kutosha inabadilisha namba inaanza tena, na S9 inarudia hivyo kama mara trilioni 13 kwa sekunde moja. Kila dakika 10 hivi anapatikana mshindi mmoja dunia nzima, huyo ndo analipwa bitcoin. Wenye mashine ndogo wanajiunga pamoja wanagawana kulingana na nguvu ya kila mtu, kwahiyo mgao wa mashine moja ni mdogo mno.

Mwaka 2009 watu walimaini kwa kompyuta za kawaida, wakaja wenye kadi za picha za kuchezea gemu, halafu 2013 zikaingia hizi chipu maalum na hao wote wakaachwa. Na zenyewe zinazeeka haraka. S9 ilitoka 2016, ikaja S19 Pro 2020 ambayo kwa umeme ule ule inapiga hesabu mara tatu na zaidi, na mtandao wa bitcoin kila baada ya wiki mbili hivi unajipima upya, mashine zikiwa nyingi ugumu unapanda. Juu ya hapo malipo ya huyo mshindi yanapungua nusu kila miaka minne, tangu Aprili 2024 ni bitcoin 3.125, wakati S9 inatoka ilikuwa 25 na mwezi mmoja tu baadae ikawa 12.5.

Sasa umeme. S9 inakula kama wati 1350, ni sawa na kuacha pasi imewaka usiku na mchana, uniti 32 kwa siku! Sisi tuko kwenye ile tarifu ya watumiaji wadogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, mashine inazimaliza kabla siku tatu hazijaisha. Chumba kikawa joto, feni zake mbili zinapiga kelele mpaka jirani akaja kugonga mlango usiku, na siku ya tano soketi ikaanza kunuka plastiki nikaichomoa mwenyewe.

Sisemi kumaini ni utapeli. Hifadhi ya Virunga kule Kongo wanamaini kwa umeme wao wenyewe wa maji, hapo hesabu inaweza kukubali. Ila kwa luku ya nyumbani na mashine ya 2016 hapana, na muuzaji alijua maana nilipompigia kumuuliza wati akakata simu.

Naomba gazeti lenu, tangazo la mashine hizi likija mlazimishe waandike mwaka iliotoka na wati inazokula kabla hamjalichapa.

Msomaji wenu, Mbagala, Dar es Salaam