Barua kwa mwanangu: kamera yako ninayo mimi

Mwanangu,

Hii meseji itakuwa ndefu, usiisome ukiwa unavuka barabara. Mama yako kasema nikupigie tu, ila mimi na wewe kwenye simu unajua inavyoishaga, na safari yako ya kwenda kuanza kazi ni alhamisi, sitaki uondoke tukiwa tumekatiana simu. Kwa hiyo nimekaa hapa nyuma ya nyumba naandika, na kabla sijafika popote nikuulize tena kile kile: ni kweli humwamini Mungu tena, au ulisema tu vile kwenye simu kwa sababu nilikuudhi? Nijibu hata kwa neno moja.

Lingine ni kwamba kamera yako ninayo mimi, ile uliyoiacha juu ya kabati. Najua sikuomba. Niliishusha nikitafuta karatasi za umeme nikasema ngoja nione kama bado inawaka, ndo hivo mpaka leo mwezi wa nane huu. Kioo cha nyuma kina mstari, ule mstari ni wangu, iligonga kwenye ukingo wa ndoo. Picha zinatoka sawa tu, nimekwambia mapema usije ukashtuka.

Nilianza na vitu vikubwa, mawingu, paka, mama yako akanifukuza. Afu siku moja nikavuta karibu pale ukutani kwenye bomba nikaona buibui, mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, wale wasiotega utando wanaorukia windo lao. Nikasogeza lenzi, akageuka. Nikahamia kushoto, akageuka tena kunitazama. Ana macho manane yule, mawili ya mbele makubwa meusi yanang'aa kama shanga, na nilipoikuza ile picha, ndani ya jicho lake nikajiona mimi, kivuli cha kichwa changu na anga nyuma yake. Nikakaa chini. Miaka yote hiyo nanawa mikono pale naenda zangu, kumbe kuna anayenitazama.

Mama yako alitoka akanikuta nimepiga magoti kwenye nyasi kichwa kimeinama, akadhani nasali, akarudi ndani taratibu asinisumbue. Sikumwambia, na wewe usimwambie. Manake tangu ule msiba (siurudii, ulikuwepo) hajawahi kuniona hivo, na kusema kweli hakukuwa na cha kuona, nilikuwa nafumba macho pamoja na nyinyi nasubiri watu waseme amina. Halafu wewe na miaka yako kumi na tatu ukasema huendi kusali nikakuvuta mkono mpaka mlangoni. Nikifikiria nani kati yetu alikuwa anasema ukweli asubuhi ile, basi tuache. Ila ulikuwa na jeuri, hilo nalo liandikwe.

Wakati mzuri wa picha ni alfajiri, nimejua kwa kukosea sana. Wadudu hawana joto lao wenyewe kama sisi, wanalisubiri jua, kwa hiyo kabla halijawafikia wanakuwa wazito na unaweza kusogea mpaka shubiri moja. Mchana usijisumbue, nyuki anapiga mabawa zaidi ya mara 200 kwa sekunde, hata ukiweka shata 1/1000, yaani kamera ifumbue na kufumba ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, bawa linatoka kama moshi. Sasa juzi saa kumi na mbili nikamkuta nyuki amelala. Sio wa mzinga, kuna aina nyingi zinaishi mmoja mmoja, na madume wengi wa hao hawana pa kurudi, jioni anatafuta kijiti, anakibana kwa taya, anakunja miguu analala ananing'inia hivo hivo mpaka kuche. Alikuwa na umande mwili mzima, kila unywele na tone lake. Na juu ya kichwa, katikati ya yale macho mawili makubwa, ana vimacho vingine vitatu kama matundu ya sindano. Jumla matano! Mi nyuki nimewapiga na kandambili tangu mtoto na sikuwa najua. Nikasema asante kwa sauti, afu nikageuka kuangalia kama jirani kanisikia.

Na nikakufikiria wewe na chumba chako cha peke yako huko, hujui mtu. Usiku utashika nini? Sikuulizi habari za kwenda ibadani, nauliza tu utashika nini.

Najua utakachonijibu, utaniletea nyigu. Nimemuona, usidhani sijamuona. Yule anayejenga kijumba cha udongo pale chini ya bati, anachoma buibui, hawaui, anawapoozesha tu, anawajaza mle ndani wakiwa hai na kutaga yai, buu likitoka linawala polepole. Nilimpiga picha akimburuta mmoja, inawezekana ni yule yule wa kwenye bomba maana sijamuona tena. Sikuifuta hiyo picha. Sina jibu lake, mwanangu, na zamani ningekuwa nalo hata kabla hujamaliza kuuliza.

Hii lenzi ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, yenyewe imenifundisha adabu. Ukisogea karibu sana, panapoonekana safi ni pembamba kama karatasi, ukilipata jicho miguu imeshaingia kwenye ukungu. Ukibana tundu la lenzi ili upate zaidi, mwanga unapungua, picha inajaa chenga. Wiki mbili nimegombana nayo nataka mdudu mzima. Haiwezekani kwa picha moja, wenye ujuzi wanapiga nyingi wanaziunganisha kwenye kompyuta, mimi siwezi hayo. Kwa hiyo sikuizi napiga jicho basi, mengine nayaacha kwenye ukungu. Na nilivyokuwa nakufundisha habari za Mungu niliongea kama mtu aliyemuona mzima, kuanzia unywele mpaka kucha.

Usidhani nimekuwa mlokole uzeeni. Sijui hata nikiite nini hiki. Ila naamka kabla ya alamu, na nikitoka nje kifua kinakuwa chepesi, mtu wa kuongea naye nahisi yupo.

Sasa ile siku uliyopiga. Nilikuwa nimekaa mbele ya kifuko cha kipepeo, siku ya kumi na moja hiyo. Kilikuwa kijani, asubuhi ile nikakuta kimepauka mpaka rangi za mabawa zinaonekana kwa ndani, kama nguo kwenye mfuko wa nailoni, nikajua ni leo. Simu ikaita ndani. Wewe, na mwezi mzima hukuwa umepiga, nikakimbia. Ndo ukasema ulichosema na mimi nikasema nilichosema. Narudi, ameshatoka. Ananing'inia kwenye ganda tupu, mabawa yamekunjamana, anayanyoosha kidogo kidogo, akadondosha tone jekundu nikajua ni damu, kumbe ni uchafu tu uliobaki toka alipokuwa mle ndani. Nikapiga picha arobaini na kitu mkono unatetemeka kwa hasira, iliyotoka ni moja. Ndo ile niliyokutumia usiku bila maneno, ukajibu kwa dole gumba. Dole gumba! Mwenzio nilikuwa naomba radhi pale.

Kazi umeipata kwa akili zako, nimewaambia watu mpaka wamenichoka, jana nilimsimulia hata aliyekuja kusoma mita. Nyaraka zako toa nakala, nyingine utume huku kwetu. Usimkopeshe mtu hela mwezi wa kwanza, kwanza hata wa pili. Lala, wewe hulali, nakuonaga uko hewani saa nane usiku. Na kama huko hakuna uwanja wala nyasi, kwenye dirisha hatokosekana inzi, mwangalie vizuri anavyopangusa macho kwa miguu ya mbele, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Usimpige kwanza. Sikwambii usali, nimesema sitasema tena. Ila unaamini au huamini? Hata "sijui" nitaipokea, mimi mwenyewe hiyo "sijui" nimekaa nayo muda mrefu kuliko unavyodhani.

Mama yako goti linamsumbua lakini ngazi bado anapanda, ukimpigia mkemee wewe, mi hanisikii. Lile bomba bado linavuja, najua nilisema nitalitengeneza, ila pale chini pamekuwa na unyevu na vipepeo wanakuja kunywa, kwa hiyo naomba mnivumilie. Paka kazaa watatu ndani ya boksi la viatu vyako. Mdogo wako anataka chumba chako, nimemwambia asubiri uondoke kwanza, ila kitanda ameshakihamisha.

Memori kadi imejaa. Humo kuna picha zako za zamani 300 na zaidi, sijafuta hata moja, nafuta zangu. Kama una kadi nyingine niambie iko wapi, na betri ya pili pia, nimepekua droo zote.

Ukitaka kunipigia, asubuhi usipige kabla ya saa tatu, nakuwa nje na mwanga ndo mzuri. Au hapana, we piga tu. Nitaingia ndani.

Baba yako