YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUKATWA BEI KWA KIPIMO CHA CHEMBE ZA MAZIWA BILA KUPEWA MAJIBU

Mfugaji,
Ihumwa,
Dodoma.

Meneja wa Ununuzi wa Maziwa,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Ihumwa, na maziwa yangu yanaingia kwenye kituo chenu cha kukusanyia pamoja na ya wenzangu wa kikundi. Tangu mlipoanzisha kipimo cha seli somatiki, yaani kuhesabu chembe za mwili wa ng'ombe zilizomo kwenye maziwa, malipo ya mwisho wa mwezi yanakuja pungufu. Kwenye karatasi ya malipo pameandikwa maneno matatu tu: "Makato, chembe nyingi." Haioneshi ni chembe ngapi, sampuli ilichukuliwa lini, wala ilitoka kwenye keni ya nani. Nilipomuuliza karani wa kituo, alinijibu kwamba majibu ya maabara ni ya kampuni, mfugaji hapewi.

Kipimo chenyewe sikipingi hata kidogo. Sisi wafugaji ndio tunaokihitaji kuliko mtu yeyote. Chembe hizo kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu ambazo mwili wa ng'ombe unazipeleka kwenye kiwele kupambana na vijidudu. Ng'ombe mwenye kiwele kizima kwa kawaida huwa chini ya 100,000 kwa mililita moja. Akivuka 200,000, mtaalamu anaanza kushuku kwamba kuna chuchu imeshaambukizwa, hata kama kiwele hakijavimba na maziwa hayana mabonge. Ugonjwa wa kiwele uliojificha hauonekani kwa macho, na laktomita yenu pale kituoni, ile ya kupimia uzito wa maziwa kama yametiwa maji, haiwezi kuugundua. Ng'ombe anapungua maziwa polepole, mwenyewe unalaumu malisho na kiangazi, na huku anaambukiza wenzake kupitia mikono ya mkamuaji na kitambaa kimoja cha kufutia viwele vyote. Mfugaji akipata idadi ya chembe mapema anaokoa ng'ombe. Idadi hiyo mnayo ofisini, mmeikalia, na kinachotufikia sisi ni makato.

Naomba pia mtazame mnavyopima. Mnachukua sampuli moja kwenye tanki la kupozea, ambamo maziwa yetu sote yameshachanganywa, kisha mnamkata kila mtu. Chukueni keni kumi zilizo sawa kwa ujazo: tisa zina chembe 150,000 kila moja, ya kumi ina 3,000,000. Tanki zima litasoma 435,000. Wafugaji tisa wenye maziwa mazuri wataadhibiwa, na yule wa kumi hatajua kwamba zizini kwake kuna mgonjwa. Mwezi unaofuata hali itakuwa ile ile, kwa sababu hakuna aliyeambiwa wapi pa kutibu.

Nimeshuhudia mwenyewe namna sampuli inavyochukuliwa. Kijana wenu alifungua tanki, akachota juu juu bila kukoroga, akajaza kichupa, akakiweka kwenye dashibodi ya gari saa sita mchana bila barafu. Maziwa yakitulia, mafuta hupanda juu na chembe nyingi hupanda nayo, kwa hiyo ukichota juu bila kukoroga unapata picha isiyo ya kweli. Na kwa jua la Dodoma tunalolijua, kichupa kile kikifika maabara kikiwa kimeshaganda, mnahesabu nini humo?

Mara kwa mara mnatuambia kwamba mnafuata viwango vya Ulaya, ambako kikomo ni chembe 400,000 kwa mililita. Kikomo hicho ni kweli kipo. Lakini huko Ulaya wanatazama wastani wa miezi mitatu, wenye angalau sampuli moja kila mwezi. Kisheria, sampuli moja yenye idadi kubwa haitoshi kusema kwamba mfugaji amevuka kikomo. Mkichukua namba yao, chukueni na utaratibu wao.

Baada ya makato ya mwisho nilimwita mtaalamu wa mifugo wa kata, akaja na dawa ya CMT, ile ya kupimia ugonjwa wa kiwele papo hapo zizini, na kile kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila chuchu. Alitupa michirizi ya kwanza, akakamua kidogo kwenye kila kikombe, akamimina dawa na kuzungusha taratibu. Ng'ombe wangu wote maziwa yalibaki mepesi, isipokuwa ya Maua: maziwa ya chuchu yake ya nyuma kushoto yalivutika kama mlenda, dalili kwamba chembe ni nyingi. Kwa kumtazama, Maua ni mzima, anakula na anacheua vizuri. Sasa tunamkamua wa mwisho, maziwa yake hayaji kituoni, na baada ya kumkamua tunachovya chuchu kwenye dawa ya iodini. Tulichukua muda mfupi tu kumbaini. Fikirieni viwele vingapi kikundi kingeviwahi kama majibu ya kwanza yangetufikia!

Kwa hiyo naomba yafuatayo yafanyike. Idadi ya chembe na tarehe ya sampuli viandikwe kwenye karatasi ya malipo ya kila mmoja wetu. Sampuli zichukuliwe kwenye keni ya kila mfugaji kabla ya kumiminwa tankini, maziwa yakorogwe kwanza, na vichupa visafirishwe kwenye kasha lenye barafu. Dawa ya CMT iuzwe pale kituoni, mkitukata gharama yake kwenye maziwa kama mnavyofanya kwa pumba na mashudu. Hilo hakuna atakayelalamikia. Mfugaji asiyeridhika apewe nusu ya sampuli yake ipimwe kwenye maabara nyingine tutakayokubaliana. Na fedha zote mlizokata kwa sampuli za tanki zirudishwe, kwa kuwa hamna namna ya kuonesha kwamba maziwa yenye kasoro yalikuwa yangu au ya jirani yangu.

Naomba majibu ya maandishi kabla ya malipo ya mwezi ujao. Nisipoyapata, nitapeleka barua hii pamoja na karatasi zangu za malipo Bodi ya Maziwa Tanzania.

Wenu,

Mfugaji na mwanachama wa kikundi,
Ihumwa.

Nakala: Ofisa Mifugo wa Kata, Mwenyekiti wa Kikundi.