Omba karatasi kwa jina lake

Mhariri,

Nilikuwa karani wa masijala tangu enzi za mabaraza ya serikali za mitaa hadi kaunti zilipoanza hapa Kenya mwaka wa 2013, zikarithi makabati yetu pamoja na mende wake. Kwa hivyo nikisikia mwananchi ameambiwa "faili haionekani", huuliza kwanza: aliomba nini hasa?

Kijana jirani yangu, aliye katika kamati ya zahanati ya kijiji, aliniletea barua aliyotaka kuipeleka kaunti. Aliandika: "Naomba maelezo yote kuhusu ujenzi wa wodi ya wazazi." Nikamwambia hiyo itazungushwa kutoka idara ya afya hadi ya ujenzi, kisha hazina, na kila ofisi itasema ni ya wenzao. Masijalani hakuna faili inayoitwa "maelezo yote". Kuna faili ya zabuni, tena ina nambari. Ndani mna mkataba, mna BQ, yaani orodha ya kazi na vifaa vya ujenzi, inayoonyesha nondo ni za unene gani na kila kazi imepewa bei gani, mna vyeti vya malipo, na mna ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji, ile inayotiwa sahihi kwamba kazi imekamilika. Hiyo ya mwisho ndiyo tamu. Ukisimama mbele ya jengo lisilo na choo, na mkononi una karatasi ya serikali isemayo choo kipo, huna haja ya kupaza sauti.

Nambari ya zabuni iko kwenye tangazo lenyewe, au kwenye bango la mradi ikiwa mwanakandarasi hajaling'oa. Na kabla ya barua yoyote, soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na za Msimamizi wa Bajeti. Za kaunti zote 47 zimo mtandaoni, bure.

Barua tuliiandika upya kwa Kiswahili, kwa kuwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa anapaswa kumwandikia. Wazee wetu wengi hawajaambiwa hili.

Kaunta ndipo kulipokuwa na vituko. Kijana aliulizwa anaitakia nini BQ, kisha akaulizwa ni wa chama gani. Sheria haimtaki mwombaji aeleze sababu, na hata afisa akiwa na dhana zake, haki ya mwombaji haipungui. Akadaiwa "ada ya kutafuta faili". Maombi hayalipiwi, gharama halali ni ya kutoa nakala na, ikihitajika, kumfikishia mwombaji. Alipoomba risiti ya hiyo ada, ada ikasahaulika.

Nilikuwa nimemsisitizia jambo moja: apeleke nakala mbili, moja abaki nayo ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi ina siku 21 za kujibu, au saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Bila muhuri huna siku ya kwanza, na bila siku ya kwanza hiyo ya 21 haifiki. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa, nawe una siku 30 za kwenda Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi wanaiita Ombudsman.

Alipewa mkataba na BQ. Ripoti ya upokeaji ndiyo wanasema bado inatafutwa, na barua ya kwenda Tume imekwisha kuandikwa.

Sasa niwageukie wakubwa wa kaunti. Sheria hiyo iliwapa miaka mitatu kuingiza kumbukumbu kwenye kompyuta, na miaka hiyo ilikwisha zamani. Wakati karani bado anapanda ngazi kusaka jalada, fanyeni lililo rahisi: andikeni getini jina la afisa wa kupokea maombi ya habari, chumba chake, na orodha ya mafaili ya miradi ya kila wadi kwa nambari zake. Ofisi nyingi zina bango la "Hapa hakuna ufisadi". Pembeni yake nafasi ipo.

Karani mstaafu (jina limehifadhiwa),
Pwani