"Afande, naweza kukuambia kitu?"

Mhariri,

Msomaji wako mmoja aliandika majuzi kwamba tiba ya mazungumzo ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi tuna ndugu, tuna wazee na tuna chungu cha malwa, ile pombe ya ulezi tunayoinywa pamoja kwa mirija. Nimemsoma mara tatu. Simlaumu. Miaka kumi iliyopita barua ile ningeiandika mimi, tena kwa maneno makali zaidi.

Mimi ni sajini mstaafu wa polisi. Nimezaliwa Tororo, mashariki mwa Uganda, nikakulia bareki, katika vile vibanda vya mabati vya mviringo ambako ukikohoa usiku jirani anakupa pole. Kiswahili ndicho lugha niliyopewa amri kwayo, ndicho nilichooa nacho na ndicho nilichofiwa nacho, maana marehemu mke wangu alitoka ng'ambo ya mpaka wa Malaba, upande wa Kenya, na hatukuwa na lugha nyingine ya pamoja.

Nianze na jambo ambalo sijapata kuliandika popote. Mwaka 1998 nilikuwa zamu ya usiku kaunta, katika kituo ambacho sitakitaja. Majirani walimleta kijana wa miaka kama kumi na tisa, waliyemwahi akitaka kujitoa uhai. Sheria yetu ilisema wazi kwamba kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nikafungua kitabu cha matukio, nikaandika jina, kijiji na saa. Yeye alikuwa amekaa sakafuni, kandambili moja tu mguuni, ya kushoto. Nikiwa katikati ya kuandika, akasema polepole, "Afande, naweza kukuambia kitu?" Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Utamwambia hakimu." Asubuhi nikakabidhi zamu, nikaenda kunywa chai. Sikumwona tena.

Mke wangu alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini nikaanza kuamka saa tisa ya usiku na kukaa macho mpaka jogoo. Chakula kikawa kama majani. Mgongo uliuma, kichwa kiliuma, tumbo likachafuka. Nilipimwa malaria mara nne, mara zote hakuna kitu, nikarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Mihogo ikaota magugu mpaka kiunoni. Mwanangu wa kike akinisalimu namkaripia, halafu najifungia ndani kwa aibu ya kumkaripia.

Mara ya tano mhudumu kijana akachukua karatasi iliyoandikwa Kiingereza, akawa ananitafsiria maswali huku anaangalia saa. Akaniuliza kama nina sonona. Neno lile, ambalo leo najua ni ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nikamwambia sina. Kama angeniuliza, "Mzee, moyo mzito? Unawaza sana?" ningemwambia ndiyo kabla hajamaliza.

Sasa turudi kwenye chungu cha malwa. Nimekaa kwenye chungu hicho miaka mingi, mrija mdomoni. Wenzangu walinihurumia, hilo nalijua. Waliniwekea kigoda changu, wakaongeza maji ya moto kila yalipopungua, wakaniambia jikaze. Tuliongea mpira, bei ya mahindi, foleni ya malori mpakani. Lakini pale pana kanuni isiyoandikwa: mtu sauti ikianza kumtetemeka, mwingine anabadilisha mazungumzo upesi ili kumwokoa. Na ndugu je? Ndugu kila mmoja ana upande wake. Mimi na shemeji yangu tuligombana siku ile ile ya mazishi, tukigombania azikwe kwetu au kwao, na maneno yaliyotoka mbele ya jeneza hayasemeki. Mzigo wangu ningempelekea ndugu gani?

Nesi mmoja ndiye aliyenielekeza kwa fundi baiskeli wa kijiji cha pili, aliyefundishwa kuongoza vikundi vya watu wenye mawazo mazito. Fundi baiskeli! Nilikwenda kwa kumheshimu nesi tu. Tulikuwa wanaume wanane, nyuma ya kanisa chini ya mwembe, kila Jumatano saa tisa alasiri. Siku ya kwanza tulikubaliana kwamba linalosemwa pale linabaki pale. Kisha fundi alikaa faragha na kila mmoja wetu wakatafuta mzizi wa shida yake: ni msiba, ni ugomvi na mtu, ni maisha yaliyobadilika ghafla kama kufukuzwa kazi au kuugua, au ni upweke. Wangu ulikuwa msiba, au ndivyo nilivyodhani.

Wiki ya nne akaniuliza swali analomuuliza kila mtu kila Jumatano: "Wiki hii moyo ulikuwaje?" Nikasema salama. Akanyamaza. Wote wakanyamaza, na hakuna aliyeharakisha kuniokoa. Basi nikajikuta nasema kwamba simu ya mke wangu bado naichaji kila Jumamosi. Ni kisimu cha vitufe, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira.

"Ukishaichaji?"

"Naiweka mezani."

"Unangoja nani apige?"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kaka yake." Kaka yake alikuwa akimpigia kila Jumapili baada ya misa. Tangu mazishi hajapiga, na mimi sijampigia. Mhariri, mpaka nilipolitamka sikujua kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilingoja. Nililia mbele ya wanaume saba, mimi niliyezoea kupigia watu kelele za mguu pande, mguu sawa.

Fundi hakunipa nasaha hata moja. Aliwauliza wenzangu wangefanyaje wao. Halafu mmoja akajifanya shemeji, na mimi nikajaribu kuzungumza naye. Mara ya kwanza niligomba. Mara ya pili nikagomba kidogo. Mara ya tatu nikasema, "Shemeji, nimekuja kukusalimu." Jumamosi iliyofuata nikapanda boda mpaka Malaba, nikavuka mpaka kwa miguu. Tulikunywa chai, na hatukuelewana kwa yote. Lakini usiku ule nililala mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na wiki iliyofuata nililima mistari miwili ya mihogo.

Kwa hiyo ninamjibu msomaji wako hivi. Hayo si mambo ya kuletewa na ndege tu. Mwaka 2002 tiba ya namna hii ilijaribiwa hapa hapa Uganda, vijijini katika wilaya za Masaka na Rakai, katika vijiji 30. Watafiti kabla ya yote waliwauliza wanavijiji wenyewe wanaiitaje hali hiyo, wakapewa maneno ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujisikitikia. Kisha vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, kama saa moja na nusu kila mara, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa, na si madaktari. Kati ya waliokaa kwenye vikundi, waliokuwa na ugonjwa huu wa sonona mwanzoni ni asilimia 86, na mwishoni walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7. Matokeo yalichapishwa 2003. Binti yangu, yule niliyekuwa nikimkaripia, ndiye aliyenisomea takwimu hizo, nikamwambia azirudie. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa vikundi vya aina hii, mwaka 2016, na huko Harare, Zimbabwe, mabibi waliofunzwa wanakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati wakiwasikiliza watu.

Sisemi mazungumzo yanatibu kila kitu. Katika kundi letu mmoja alikuwa akisikia sauti zisizosikiwa na mtu mwingine. Fundi hakujaribu kumganga kwa maneno, alimsindikiza mwenyewe hospitali ya rufaa akaanza dawa. Wengine wanahitaji dawa na mazungumzo pamoja. Na kuna siku nilitoka chini ya mwembe ule nikiwa na uchungu kuliko nilivyoingia, nikaapa kutorudi.

Ninachokiomba ni lugha, na watu. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha ya pili rasmi ya Uganda, na sisi wa jeshi na polisi tumekitumia tangu enzi za mkoloni. Bareki zetu zimejaa watu waliochomoa maiti za ajali barabarani, waliozika wenzao, na wajane wao. Wakimbizi kutoka Kongo walioko Nakivale na Kyaka wanalia kwa Kiswahili. Hawa wakifika kliniki wanaweza kuulizwa habari za moyo kwa karatasi ya Kiingereza, kama nilivyoulizwa mimi. Karatasi ile ya maswali iandikwe kwa Kiswahili cha watu, iulize mawazo mengi, moyo mzito, kukosa usingizi. Na tuache kuiita huduma hii ushauri nasaha. Mtu mzima akisikia nasaha anajua anakwenda kuhubiriwa, anabaki nyumbani.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, inataka huduma ifike hadi vituo vya afya vya chini, isisubiri Butabika, hospitali kuu ya magonjwa ya akili kule Kampala. Vizuri sana, basi kila kituo cha afya kiwe na mtu mmoja kama fundi wetu, na kila kituo cha polisi kiwe na askari mmoja aliyefunzwa kusikiliza, zamu ya usiku hasa. Wenzetu wa Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kuadhibu jaribio la kujiua ni kinyume cha katiba. Wabunge wetu nao wakae walitazame jambo hili. Nimeshika pingu miaka ishirini na tisa, na kwa mtu aliyetaka kujitoa uhai sikuwahi kuona zikimsaidia hata mmoja.

Jina langu unalo, usilichapishe, kwa ajili ya wale saba tuliokubaliana nao. Mwaka jana nilifunzwa, na sasa naongoza kundi la pili, Jumatano hiyo hiyo, saa tisa, nyuma ya kanisa. Yule kijana wa kandambili moja, kama yu hai, ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Kama anasoma gazeti hili, amwulize fundi baiskeli yeyote wa upande wetu, ataelekezwa. Nataka aniambie alichotaka kuniambia.

Sajini mstaafu,
Tororo